Je, Ajali Haina Kinga?

Wazee wetu wana methali isemayo, "Ajali haina kinga." Maneno haya husikika kila penye matanga. Chombo kikizama, twaambiwa ajali haina kinga. Mto ukichukua nyumba, ni hivyo hivyo. Hata mtoto akiacha shule baada ya kufiwa na baba yake, jambo hilo nalo hutiwa katika kapu hilo hilo. Nia yangu si kubishana na wazee. Nataka kuuliza tu: methali hii ni kweli mahali gani, na ni mahali gani twaifanya mto wa kulalia?

Kwanza tutazame pale ilipo kweli. Saa ya msiba na mahali utakapoangukia, hayo mwanadamu hakupewa kuyachagua. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Merikebu za Sayyid Barghash zilivunjika bandarini, na mikarafuu iliyokuwa utajiri wa kisiwa ikang'olewa kwa wingi. Pemba, iliyo jirani kabisa, ilisalimika kwa sehemu kubwa. Mwenye shamba wa Unguja aliamka tajiri, na jioni alikuwa maskini. Mwenziwe wa Pemba hakumzidi kwa akili wala kwa ucha Mungu, lakini mikarafuu yake ilibaki imesimama, na karafuu zikapanda bei. Tangu wakati huo Pemba ndiyo iongozayo kwa zao hilo. Hapo hapana wa kusifiwa wala wa kulaumiwa.

Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, katika mwaka 1952, kimbunga kiliupiga mji wa Lindi, kikaua watu zaidi ya 30. Jambo hilo ni nadra katika nchi yetu. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauzipi pepo nguvu ya kutosha ya kujisokota, na kwa hiyo vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi huelekea Madagaska na Msumbiji. Mvuvi wa pwani hii aweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka asikione hata kimoja. Uzuri wa jambo hilo ni amani. Ubaya wake ni kwamba siku kimbunga kijapo, hapana mzee wa kutuambia tufanye nini.

Na siku hiyo ilikuja tena. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaimwagikia pwani ya Kilwa. Ye yote aliyesafiri kati ya Dar es Salaam na Lindi apajua Somanga, kijiji cha wavuvi kando ya barabara kuu, kabla ya kufika Nangurukuru. Hapo maji yaliikata barabara. Magari yalisimama huku na huku, na mikoa ya kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa.

Fikirini, ndugu wasomaji, maana ya jambo hilo. Mwenye gari lililovuka saa moja kabla hakupata kujua kwamba ameponea chupuchupu. Aliyefuata nyuma yake na shehena ya samaki na barafu, huyo mtaji wake ulioza machoni pake. Mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali kubwa alikwama. Na mama auzaye chai kando ya barabara huenda alipata katika siku mbili faida ya mwezi mzima. Mvua ilikuwa moja, barabara ilikuwa moja, bali kila mtu alitoka na fungu lake. Hiyo ndiyo bahati, nami siikatai.

Lakini sasa tuugeuze upande wa pili. Mwaka 1952 watu wa Lindi hawakuwa na namna ya kukiona kimbunga kikiwa bado mbali baharini. Setilaiti ya kwanza ya kutazama hali ya hewa ilirushwa na Marekani mwezi wa Aprili 1960. Mwaka 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza habari za Hidaya siku kadhaa kabla hakijafika, na kila mwenye redio au simu aliweza kusikia. Kimbunga hakikuzuilika, lakini ngalawa iliweza kuvutwa juu, nyavu kuanuliwa, na safari kuahirishwa. Hizo zote ni kinga. Aliyesikia akaenda baharini kwa kusema "litakalokuwa na liwe," huyo hakuitegemea kudra, bali aliikimbia kazi ya kufikiri.

Hata mbali na pwani yetu, katika Ziwa Victoria, twaona jambo hilo hilo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Fundi mmoja alitolewa hai ndani ya chombo baada ya siku mbili. Kupona kwa fundi yule twaweza kukuita bahati, na aliyechelewa kivuko siku ile naye alikuwa na bahati. Lakini watu kuzidi mara mbili ya kipimo si bahati, wala si kudra. Ni hesabu, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili aijua.

Basi twafika kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Msiba wenyewe huchukua saa moja. Yale yanayofuata huchukua miaka, na mengi katika hayo hayaletwi na bahari, bali na sisi tuliobaki.

Chukueni mfano wa nyumba ya mvuvi, ya namna ile tunayoijua sote. Baba hakurudi baharini. Chombo kimepotea pamoja na nyavu, na huenda mashine ilinunuliwa kwa mkopo ambao haujaisha. Mama, ambaye desturi yake ni kukaanga samaki na kuuza barabarani, yuko edani miezi minne na siku kumi. Kwa hiyo pato la baba limekatika, na pato la mama limesimama, katika wiki moja. Majirani huja, hulia, hupika na kuchangia. Katika jambo hili watu wa pwani hawana wa kuwashinda. Lakini matanga yakiisha kila mtu hurudi kwake, na njaa huanza pale msaada unapokoma. Ndipo mtoto wa kidato cha pili aambiwapo, "Sasa wewe ndiwe mwanamume wa nyumba." Huweka daftari chini na kushika kasia. Na akiwa msichana, huenda akatafutiwa mume.

Watu husema, "Bahati yake ilikuwa hiyo." Mimi nasema sivyo. Bahari ilimchukua baba. Shule ilichukuliwa na kikao cha watu wazima waliokaa mkekani. Hapana budi tukumbuke kwamba tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne imeondolewa katika shule za Serikali. Kilichobaki ni sare, madaftari, nauli na chakula. Mambo hayo ni mazito kwa nyumba moja yenye msiba, lakini ni mepesi kwa kijiji kizima.

Wako watakaosema kwamba kusema hivi ni kuwalaumu waliofikwa. La, hasha. Aliyefikwa hana deni la maelezo kwetu, na ni ukatili kumwuliza mjane kwa nini mumewe alikwenda baharini siku ile. Wengine watasema kwamba ni kuingilia kazi ya Mungu. Lakini dini zetu zatufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutegemea. Kuamini kudra hakumzuii mtu kuziba tundu la chombo chake.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, sisi tusomao tuwe masikio ya nyumba zetu: tusikilize taarifa za hali ya hewa, tuwaeleze wazee wetu kwa adabu maana yake. Pili, wavuvi wanaogawana mapato kwa mafungu, fungu la chombo, la nyavu na la watu, waongeze fungu dogo la msiba, liwekwe akiba mpaka siku ya haja. Tatu, kila panapofanywa arobaini ya mtu aliyeacha watoto shuleni, swali moja liulizwe kabla watu hawajatawanyika: nani atanunua madaftari ya watoto hawa mpaka mwisho wa mwaka? Ajitaje kwa jina lake, mbele ya wote.

Saa ya msiba hatutaijua kamwe, na katika hilo wazee walisema kweli. Lakini mtoto anayetolewa darasani hatolewi na tufani. Hutolewa na watu, na watu hao hao waweza kumrudisha.