Ukitafuta 'Lupaso' Google unaletewa mpira: kwa nini bei ya korosho hupotea mtandaoni

Chukua simu, andika neno "Lupaso" kwenye Google. Uwezekano mkubwa utakutana na mambo mawili: habari za Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, na habari za Simba na Yanga.

La kwanza halishangazi. Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938, na ndiko alikozikwa Julai 2020.

La pili lina sababu yake. Baada ya msiba huo, Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, wenye viti takriban 60,000, ulipewa jina la Mkapa. Mashabiki na waandishi wa michezo wakaanza kuuita "Lupaso". Tangu hapo, kila mechi kubwa huzaa kurasa mpya zenye neno hilo.

Lupaso yenyewe, kata ya wilayani Masasi mkoani Mtwara, iko mamia ya kilomita kutoka uwanja huo. Mikorosho iko kule, wakulima wako kule, lakini mtandaoni jina limehama.

Unaweza kusema ni jambo la kuchekesha tu. Sivyo, hasa msimu wa korosho ukifika.

Google inachagua vipi?

 Google husoma kurasa na kupima ishara: maneno yaliyomo, kichwa cha habari, tovuti ngapi nyingine zimeweka linki ya kuelekea hapo, habari ni mpya kiasi gani, na ukurasa unafunguka vizuri kwenye simu au la.

Sasa linganisha. Upande mmoja kuna tovuti nyingi za michezo zinazoandika kila wiki. Upande wa pili kuna kata ambayo huandikwa akija kiongozi, basi. Mwenye kurasa nyingi ana nafasi kubwa zaidi ya kuonekana.

Kuandaa tovuti ili ipande kwenye matokeo ndiyo kazi inayoitwa SEO. Wengi wanadhani ni mambo ya wafanyabiashara wa mjini. Lakini kwa Masasi na Newala, kazi hiyo inagusa mfuko wa mkulima moja kwa moja.

Bei ya leo au ya zamani?

Mkulima wa Lupaso hupeleka korosho ghafi kwenye chama cha msingi, AMCOS. Kutoka hapo zinakwenda ghalani, kisha mnadani kupitia chama kikuu. Kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara chama hicho ni MAMCU. Kwa Newala na Tandahimba ni TANECU. Siku hizi minada inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Bei haifanani kila mnada. Oktoba 2024, mnada wa kwanza wa msimu ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Miaka sita nyuma, Novemba 2018, Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 baada ya wakulima kugomea bei za wanunuzi.

Habari ile ya 2018 iliandikwa sana, hadi nje ya nchi. Kwa macho ya Google, habari iliyoandikwa na kuwekewa linki na wengi ina uzito. Hapo ndipo mtego ulipo: mtu anayetafuta "bei ya korosho" anaweza kuletewa namba ya msimu uliokwisha zamani, na asipoangalia tarehe ataibeba hivyo hivyo.

Anayefaidika na giza hilo anajulikana: mnunuzi wa kangomba. Huyu anapita vijijini nje ya mfumo rasmi, anatoa fedha taslimu, na anategemea jambo moja, kwamba mkulima mwenye shida ya ada au chakula hajui mnada wa jana uliishia wapi.

Tatizo si kukosa tovuti

Bodi ya Korosho ina tovuti. TMX ina tovuti. Halmashauri nazo zina tovuti zao za go.tz. Kinachoangusha taasisi nyingi nchini ni namna taarifa inavyowekwa.

Kosa la kwanza ni picha. Bei inaandikwa kwenye bango zuri lenye nembo, linapigwa picha na kurushwa WhatsApp na Instagram. Binadamu anaisoma. Google yenyewe inashauri maneno muhimu yaandikwe kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa, yasifichwe ndani ya picha.

Kosa la pili ni kichwa. "Taarifa kwa umma" haimwambii mtu wala mtambo kilichomo. Hakuna mkulima anayetafuta "taarifa kwa umma". Anaandika "bei ya korosho leo Masasi". Ukurasa wenye kichwa "Bei ya korosho mnada wa MAMCU" pamoja na tarehe kamili una nafasi kubwa zaidi ya kuonekana.

Kosa la tatu ni uzito. Google ilianza mwaka 2018 kuhamia kwenye utaratibu wa kuzipima tovuti kwa toleo lake la simu, na mwaka 2023 ikatangaza kuwa imemaliza. Faili la PDF lililojaa kurasa za skani, kwa mtu mwenye bando la kuhesabu, ni mlango uliofungwa.

Kosa la nne ni kila mtu kukaa kivyake. Halmashauri, chama kikuu na bodi wakiwekeana linki kwenye ukurasa mmoja wa bei, ukurasa huo unapata nguvu. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji simu moja kati ya maofisa.

"Watu wako WhatsApp, siyo Google"

Hoja hiyo ina ukweli. Vijijini habari ya mnada hufika kwa redio, kwa ubao wa AMCOS na kwa makundi ya WhatsApp.

Lakini ujumbe wa WhatsApp hauna mwenyewe. Unatumwa mara 20 bila tarehe wala ghala, na daraja la korosho halitajwi. Mtu akiutilia shaka anaenda wapi kuhakikisha? Anaenda kutafuta, au anampigia kijana wake aliyeko Dar amtafutie. Kama jibu sahihi halipo juu, uvumi unabaki kuwa ndiyo habari.

Kingine ni makato. Bei ya mnada siyo inayoingia mfukoni, kwa sababu kuna tozo na ushuru unaokatwa. Bango haliwezi kueleza yote hayo. Ukurasa mmoja wenye maelezo mafupi unaweza.

Angalia usiliwe hela

Vyama vikianza kulifanyia kazi hili, watajitokeza wa kuwaahidi "namba moja Google ndani ya wiki". Google inasema wazi kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, na kwamba haipokei malipo ili kupandisha tovuti kwenye matokeo ya kawaida. Unachoweza kulipia ni tangazo, nalo huwekewa alama ya tangazo.

Wengine watauza orodha ya maneno ya kuficha ndani ya tovuti. Tangu 2009 Google ilishasema haiyatumii kupanga matokeo. Na Machi 2024 ilikaza kamba dhidi ya tovuti zinazomwaga kurasa kwa wingi bila manufaa kwa msomaji.

Habari njema ni kwamba kwa Kiswahili, kwenye mada kama bei ya korosho ya wilaya fulani, ushindani bado ni mdogo. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri na kuhuishwa kila baada ya mnada unaweza kupanda bila mbwembwe.

Jina Lupaso huenda lisirudi kijijini, maana mpira hauchoki kuandikwa. Lakini "bei ya korosho Masasi" halina timu inayoligombania. Atakayeliandika sawasawa kabla ya mnada wa kwanza wa msimu ndiye wakulima watakayemsoma.