Fundi Asiye na Cheti

Mashirika ya umma yalipokuwa yakirekebishwa na kuuzwa katika miaka ya 1990, wafanyakazi wengi wa mikoa yetu walirudi nyumbani mikono mitupu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilisimama, na hakikupata mnunuzi hadi mwaka 2004. Mbeya nako, Kiwanda cha Zana za Kilimo, kilichokuwa kikitupatia majembe, hakikunusurika. Watu hao waliitwa "waliopunguzwa", kana kwamba ni magunia yaliyoshushwa garini. Aliyebahatika alipata kiinua mgongo. Ni wachache walioelekezwa mahali pa kujifunzia kazi nyingine.

Hata hivyo, ni katika miaka hiyo hiyo Bunge lilipopitisha Sheria Na. 1 ya mwaka 1994, iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA. Sheria hiyo iliweka pia tozo inayolipwa na waajiri kwa kadiri ya mishahara wanayotoa. Tozo hiyo ilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013. Mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5. Kwa kuwa inahesabiwa juu ya ujira, imetokana na jasho la mfanyakazi. Basi anapopoteza kazi ana haki ya kuuliza: fungu langu liko wapi?

Akienda chuoni kuuliza, mara nyingi hukuta kozi ndefu iliyopangwa kwa kijana aliyetoka shuleni juzi. Baba wa miaka 45 mwenye watoto watano hawezi kukaa bwenini miaka miwili. Wala hana haja ya kuanza upya kama asiyejua kitu. Fundi mitambo aliyekaa kiwandani miaka kumi na mitano huujua ugonjwa wa mashine kwa kuisikiliza tu. Akiongezewa mafunzo ya miezi michache aweza kutengeneza pampu za umwagiliaji, mashine za kupasulia mbao huko Sao Hill, au mitambo ya viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe. Lakini mwajiri humwuliza cheti kwanza.

Ndiyo maana tunaupongeza utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia kazini hupimwa kwa kazi anayoifanya, hufundishwa yale aliyopungukiwa, kisha hupewa cheti. Katika awamu kadhaa gharama zimelipwa na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwashi wa Mwanjelwa au seremala wa Mashine Tatu asiyesikia tangazo kwa wakati hupitwa, na mkandarasi akija humlipa ujira wa kibarua.

Tuseme pia kwamba si kila mafunzo ni msaada. Kuwafundisha ushonaji wajane ishirini katika kijiji chenye cherehani kumi na mbili tayari ni kuwagombanisha. Na cheti bila vifaa hukaa ukutani. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hatuipingi hata kidogo. Walakini mwanamume aliyepita umri wa ujana, ambaye ndiye hasa aliyefungiwa lango la kiwanda, hana fungu lake humo. Jambo hili linastahili kupelekwa kwa madiwani wetu.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya na vigango waandike majina ya mafundi wasio na vyeti, kazi wanayoijua kila mmoja na miaka aliyoifanya. Orodha hiyo ipelekwe katika vyuo vya VETA vya Mbeya na Iringa, au katika chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho karibu, kama kile cha Ilula, kabla tangazo la awamu nyingine halijatoka. Wanawake wenye ufundi wa rangi, bomba au umeme wasisahauliwe. Wapo, ila hakuna anayewauliza.