Kocha Akiondoka Hubaki Nini? Kumbukumbu ya Joel Bendera na Kipindi cha Michezo Shuleni

Ni desturi katika nchi yetu, anapofariki mtu aliyelitumikia taifa, kuvihesabu vyeo vyake kimoja kimoja. Marehemu Joel Bendera, aliyefariki dunia tarehe 6 Desemba, 2017, alikuwa navyo vingi. Alipata kuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, Naibu Waziri aliyeshughulikia habari, utamaduni na michezo, Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, na baadaye Mkuu wa Mkoa wa Manyara. Hata hivyo, jina lake litajwapo mbele ya wapenzi wa mpira, cheo kinachotangulia ni kimoja tu: kocha. Sisi tulio katika kazi ya ualimu hatuna budi kujiuliza kwa nini cheo hiki kidogo kimeishi kuliko vile vikubwa.

Habari yenyewe yajulikana, lakini si vibaya kuikumbusha, kwa kuwa wengi wetu tulizaliwa baada yake. Mwaka 1979 timu yetu ya taifa iliifunga Zambia bao 1-0 mjini Dar es Salaam, kisha ikaenda kurudiana nayo mjini Ndola. Zambia haikuwa timu ndogo. Mwaka 1974 ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Huko Ndola wenyeji walitangulia kufunga, Peter Tino akasawazisha, na mchezo ukaisha kwa sare ya 1-1. Hivyo Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza. Bendera alikuwa miongoni mwa makocha wa kikosi kile, pamoja na wenzake, akiwemo mgeni kutoka Poland. Machi 1980, mjini Lagos, vijana wetu walifungwa na Nigeria 3-1, wakafungwa na Misri 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ikatupasa kungoja hadi tarehe 24 Machi, 2019, ndipo tulipofuzu tena kwa kuifunga Uganda 3-0. Siku hiyo Bendera alikuwa kaburini kwa muda wa mwaka mmoja na miezi mitatu.

Mshabiki akizisoma tarakimu hizo ataona ushindi na kushindwa. Mwalimu yampasa aone jambo jingine. Kocha ni mwalimu ambaye sheria inamkataza kuingia katika mtihani wa wanafunzi wake. Filimbi ikilia, yeye hubaki nje ya mstari. Aweza kubadili wachezaji wachache, aweza kupaza sauti, lakini katika uwanja wa ugenini uliojaa kelele ni nani atakayemsikia? Pale Ndola, timu ilipokuwa nyuma kwa bao moja, hakuna kocha aliyeweza kuupiga mpira ule kwa niaba ya Tino. Lililokuwa limefundishwa lilikuwa limekwisha kufundishwa. Kilichobaki ni kuona kama limekaa ndani ya vijana wenyewe.

Huo ndio msimamo wetu katika makala hii: kazi ya mwalimu hupimwa kwa yale wanafunzi wawezayo kuyafanya yeye akiwa nje ya mstari, na hatimaye akiwa hayupo duniani. Tazameni waliokuwa katika timu ile. Nahodha, Leodegar Tenga, alikuja kuliongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania kama rais wake tangu 2004 hadi 2013. Mlinda mlango, Juma Pondamali, alikuja kuwafundisha walinda mlango wengine. Hatusemi kwamba kocha mmoja ndiye aliyewafanya kuwa hivyo. Wazazi, shule na juhudi zao wenyewe vilikuwamo. Twasema tu kwamba kikosi kilichotoa viongozi na walimu kilifundishwa zaidi ya kupiga mpira.

Sisi tulio upande huu wa nchi tuna mfano wa zamani wa jambo hilo. Goweko imo kando ya reli ya kati, mashariki ya Tabora, katika nchi iliyopitwa na misafara ya wapagazi kati ya Unyanyembe na pwani kabla reli haijajengwa. Kila msafara ulikuwa na kirangozi wake. Huyu hakuwa mtu wa kutoa amri akiwa nyuma. Alitangulia mbele, naye akabeba mzigo, ingawa mwepesi, na wenzake wakamfuata kwa sababu waliamini kwamba anaijua njia. Mwalimu wa michezo huanza kama kirangozi, akitangulia na kuonyesha. Lakini yampasa kufika mahali ambapo kirangozi hakulazimika kufika, yaani kuwafundisha watu njia mpaka waweze kuipita bila yeye.

Je, shule zetu zafanya hivyo? Twasema kwa masikitiko kwamba mara nyingi hazifanyi. Katika ziara za mazoezi ya kufundisha tumekuta kipindi cha michezo kimeandikwa vizuri katika ratiba, na saa yake inapofika kimegeuzwa kuwa marudio ya hesabu kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba. Pengine hufanyika kwa namna mbaya zaidi: mwalimu huwatupia watoto mpira mmoja, naye akarudi ofisini kusahihisha madaftari. Wavulana kumi wenye nguvu hucheza. Waliobaki, na hasa wasichana, huketi chini ya mwembe mpaka kengele ilie. Mtoto aliyeketi chini ya mwembe kwa miaka saba amefundishwa jambo moja kwa ukamilifu: kwamba yeye si wa kuhesabiwa.

Wapo watakaotujibu kwamba kocha wa taifa huchagua vijana bora wa nchi nzima, ilhali mwalimu wa shule ya msingi hupewa kila aliyeandikishwa. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayofanya kazi yetu kuwa kubwa zaidi. Mwaka 2022 mashindano ya UMITASHUMTA yalifanyika katika mkoa wetu wa Tabora, nasi tuliona fahari. Lakini wanaofika katika mashindano hayo ni wachache mno. Kipindi cha dakika 40 ni cha wote, na kwa wengi ndicho kiwanja pekee watakachokanyaga mbele ya mwalimu.

Basi, Ndugu mwanachuo, yafaa kipindi hicho kiandaliwe kama somo lolote jingine. Chukulia darasa la watoto 60 lenye mpira mmoja wa kununua.

Kwanza, dakika 5 ziwe za kupasha mwili, wote kwa pamoja.

Pili, dakika 15 ziwe za kufundisha jambo moja tu, mathalani kupokea mpira na kuutoa. Gawa darasa katika makundi sita ya watoto kumi kumi. Mipira mingine itengenezwe na watoto wenyewe kwa vitambaa na kamba, kama ile ya chandimu. Kundi moja laweza kucheza rede, maana rede nayo hufundisha kulenga, kukwepa na kutazama upande wa mwenzio.

Tatu, dakika 12 ziwe za mchezo wenyewe. Hapo mkabidhi mwanafunzi filimbi, nawe toka nje ya mstari. Nyamaza. Shika daftari, uandike majina ya watoto ambao hawakuugusa mpira.

Nne, dakika 8 za mwisho waketi chini na waulizwe: nini kilikwenda vizuri, nini kiliharibika, na nani alisahauliwa? Kipindi kitakachofuata kianze na majina yaliyomo katika daftari lako.

Katika hatua hizi, ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Mwalimu kijana huona kwamba akinyamaza amekosa kazi. Sivyo. Anayepiga kelele muda wote, au kushika fimbo, huwafanya watoto wamsikilize yeye badala ya kuutazama mchezo. Siku atakapohamishwa, utaratibu wote utahama pamoja naye.

Mcheza kwao hutunzwa, wamesema wahenga. Marehemu Bendera alitunzwa na taifa kwa vyeo, na ilistahili. Sisi walimu tuna namna yetu ya kumtunza, nayo haihitaji sanamu wala kikombe. Ni kukiacha kipindi cha michezo mahali pake katika ratiba, kukiandalia somo, na kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayeketi chini ya mwembe akingoja kengele.