Jua na Plastiki: Kutunza Si Kuficha



Wazee wetu wa Lubunga wamjua vema adui wa chuma. Tangu mwaka 1906, ilipofunguliwa njia ya reli itokayo ng'ambo yetu hii hata Ubundu, kilometa 125 za chuma zimelala chini ya mvua ya msitu, na kila mtu ameona jinsi kutu inavyokula kitu kisichotunzwa. Lakini siku hizi vyombo vya safari si chuma kitupu. Madigadi ya pikipiki, bampa za motokari na vifuniko vya vioo vya pembeni, mara nyingi ni plastiki. Plastiki haipati kutu. Adui yake ni jua.

Kijana mmoja wa mtaa wetu alinunua pikipiki iliyokwisha kutumika, apate kubeba abiria. Fedha zilikuwa za nyumba nzima: baba aliuza mpunga, mama akatoa akiba ya biashara yake ya samaki. Siku aliyoivusha mto kwa mtumbwi, pikipiki ilikuwa nyeusi kama mkaa uliolowa maji, nasi sote tulimpongeza. Mvua mbili zilipokwisha kunyesha, weusi ule ukachuruzika ukaenda zake. Madigadi yakageuka kijivu, na lile la mbele likaonyesha ufa karibu na skrubu.

Kijana akamwendea baba yake, akasema: “Papa, nimedanganywa. Nitaipaka mafuta machafu ya injini kama walivyofanya wao, niiuze kabla mvua haijarudi.”

Baba akamwuliza: “Mwanangu, na huyo atakayeinunua, fedha zake zitakuwa za nani?”

Kijana hakujibu. Tutamrudia, kwanza tueleze ugonjwa wenyewe.

Plastiki nyingi za bampa zatokana na kitu kiitwacho polipropilini. Bwana Giulio Natta wa Italia aliitengeneza mwaka 1954, na mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bwana Karl Ziegler wa Ujerumani kwa kazi zao za namna hiyo. Plastiki hiyo ni kama minyororo mirefu mno, myembamba isiyoonekana kwa macho. Katika mwanga wa jua mna miali tusiyoiona, nayo, ikisaidiwa na hewa, huikata minyororo hiyo kidogo kidogo. Watengenezaji huchanganya masizi laini ndani ya plastiki ili yaimeze miali hiyo, lakini ulinzi huo hauwi wa milele. Ngozi ya juu hupasuka nyufa ndogo sana, na mwanga ukizigonga hutawanyika. Ndiyo sababu macho yetu huona kijivu. Nasi twakaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ambapo jua la saa sita hupita juu ya vichwa vyetu mwezi wa tatu na mwezi wa tisa. Hata mawingu hayaizuii miali yote.

Enyi wanafunzi, jaribuni jambo hili. Mwagieni maji plastiki iliyopauka: mara moja itakuwa nyeusi, na ikikauka itarudi kijivu. Maji yamejaza nyufa, basi. Mafuta machafu ya injini hufanya vivyo hivyo, ila yakawia kidogo. Hayaponyi kitu, hunasa vumbi, huchafua nguo za abiria, na mvua huyaosha.

Atakaye kutunza plastiki yake na afanye hivi. Aoshe chombo kivulini, kwa maji, sabuni na brashi laini, kisha asuuze na kuacha kikauke kabisa. Asitumie petroli, kwa maana yaweza kushika moto. Asisugue kwa msasa, maana utaharibu uso wa plastiki. Kisha achukue dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki ya nje, aijaribu kwanza mahali pasipoonekana, halafu aipake kidogo kwa kitambaa safi na kufuta inayobaki. Dawa hiyo nayo hufifia, hivyo yapasa kurudia. Lakini asithubutu kuipaka kwenye kiti, kwenye mipira ya kukanyagia, wala kwenye breki na matairi. Mguu ukiteleza wakati wa kusimamisha pikipiki, mama mwenye mtoto mgongoni ndiye atakayeanguka.

Mafundi wengine huipitishia plastiki moto ili weusi urudi. Ni kweli kwamba hurudi kwa muda, lakini ukizidisha, plastiki huyeyuka au kupinda. Na karibu na tangi la petroli jambo hilo ni hatari tupu. Wengine hupaka rangi ya kawaida. Polipropilini haishiki rangi kwa urahisi. Pasipo dawa ya kwanza ya kuishikisha, rangi hubanduka vipande vipande.

Kinga iliyo bora haigharimu fedha nyingi: ni kivuli. Chombo kisiposafiri, kikae chini ya paa, au kifunikwe kwa kitambaa kinene. Nayo plastiki iliyokwisha kupasuka haina dawa ya kupaka; yafaa ibadilishwe.

Tumrudie kijana wetu. Hakuiuza pikipiki. Aliiosha, akabeba abiria majuma kadhaa, akanunua madigadi jipya la mbele, na yale mengine akayapaka dawa kidogo. Hata leo ukiitazama karibu utaona kijivu pembezoni. Mtu mmoja alipofika kuulizia bei, kijana alimwonyesha pale palipopauka kabla hajaulizwa. Yule mtu hakununua, akaenda zake.

Wako waliomcheka kwa kupoteza mnunuzi. Sisi hatukucheka. Bwana wetu aliwakemea waliofanana na makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje tu. Na dhambi hiyo yaweza kufanywa kwa rangi nyeupe au kwa mafuta meusi. Kung'arisha kilicho chako ili kidumu ni utunzaji mwema. Kung'arisha ili jirani asione ufa ni kuiba akiba ya mama mwingine.

Jioni ile baba yake alimsaidia kuisukuma pikipiki hata chini ya paa la jiko, mahali ambapo jua la asubuhi halifiki.