Kariakoo ni Jina la Wapagazi: Barua ya Wazi kwa TFF na Bodi ya Ligi Kuu

Kwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania,
Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ligi Kuu,
Nakala: Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa

YAH: KUMBUKUMBU YA MASHUJAA VIWANJANI

Waheshimiwa,

Ombi langu naliweka mwanzoni kabisa ili msihangaike kulitafuta: andikeni katika kanuni za ligi kwamba heshima wanayopewa askari na mashujaa wa nchi hii uwanjani haiuzwi. Jeshi lisiilipie, mdhamini asiinunue, klabu isipokee hata shilingi kwa ajili yake.

Sisemi kwamba mmeiuza. Nasema mlango uko wazi, na mimi nimeshamwona mtu akipita.

Mjomba wangu anaishi Newala. Kwetu sisi Wamakonde mjomba ndiye mwenye ukoo, na akiudhiwa yeye tumeudhiwa sote. Mwaka 1979 alikwenda Uganda katika Vita vya Kagera akiwa mgambo, yeye na kijana mwenzake wa kijiji hicho hicho. Yeye alirudi, mwenzake hakurudi. Miaka michache iliyopita, msimu wa korosho ukiwa umechanganya na wakulima wakiwa na fedha mikononi, kampuni moja ilileta bonanza la mpira huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Wakatafutwa wazee waliopigana vita ili wapewe heshima kabla ya fainali. Mjomba alipiga pasi shati lake jeupe, akabandika nishani kifuani, akapanda pikapu pamoja na wenzake wanne.

Walipofika uwanjani waligawiwa fulana zenye nembo ya kampuni na kuambiwa wazivae juu ya mashati. Nishani ikabaki chini ya fulana. Wakapangwa mstari katikati ya uwanja, watu wakapiga makofi, picha zikapigwa. Mjomba akanyoosha mkono akiomba kipaza sauti. Alitaka kulitaja jina la yule mwenzake, jina tu, kwa kuwa jamaa za marehemu walikuwa palepale wamesimama kwenye kamba. Mshereheshaji akamjibu kwa upole kwamba muda umekwisha, ni zamu ya tangazo. Mechi ilipoisha pikapu ilikuwa imeondoka na watu wa kampuni, wazee wakarudi kwa bodaboda bila kupewa nauli. Nilikuwepo. Nililipia nauli mbili kati ya hizo tano.

Mjomba hakulalamika kuhusu nauli. Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa wale walikuwa wanamheshimu nani?"

Swali hilo limekwisha kuulizwa katika nchi kubwa kuliko yetu, na jibu lake liliwaaibisha wengi. Novemba 2015 maseneta wawili wa Marekani, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti kuhusu mikataba ya Wizara ya Ulinzi ya nchi yao na timu za michezo ya kulipwa. Kwa miaka mingi mashabiki wa huko walikuwa wamezoea kuona bendera inayofunika uwanja mzima ikitandazwa na askari, vijana wakila kiapo cha kujiunga na jeshi mbele ya umati, askari aliyetoka vitani akitokea ghafla kumkumbatia mkewe huku watu wakilia machozi. Waliamini kwamba timu zao zilifanya hayo kwa moyo. Ripoti ikaonyesha kwamba mengi yalikuwa na ankara. Dola milioni 6.8 za walipa kodi zilikuwa zimekwenda katika mikataba yenye sherehe za namna hiyo, na wizara yenyewe ilishindwa kutoa hesabu kamili ya kilichonunuliwa. Mwaka uliofuata ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilirudisha zaidi ya dola 700,000.

McCain alikuwa mfungwa wa vita Vietnam kwa zaidi ya miaka mitano, akateswa huko. Mtu wa namna hiyo akisema kwamba heshima iliyolipiwa inamvunjia askari heshima, anastahili kusikilizwa. Kosa kubwa kwa mtazamo wangu halikuwa ukubwa wa fedha. Lilikuwa siri. Shabiki alisimama akavua kofia, akatoa kitu chake mwenyewe, kitu kisicho na bei, bila kujua kwamba kusimama kwake kumo katika mkataba na kumekwisha kulipiwa.

Kuna atakayesema haya ni ya Marekani, sisi tuna utaratibu mwingine. Ni kweli. Kwetu jeshi lina timu zake. JKT Tanzania ni ya askari, na Mashujaa ya Kigoma, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023, ni ya Jeshi la Wananchi (JWTZ) na imebeba jina hilo hilo ninaloliandikia barua. Sina ugomvi nazo. Zinafunga na kufungwa kama wengine, na askari anayekimbia dakika 90 anajulikana na kila aliyeko jukwaani kuwa ni askari. Wala sina ugomvi na tangazo. Jeshi la Kujenga Taifa likitaka kuwaambia vijana nafasi zimetoka, linunue bango la pembeni ya uwanja kama benki inavyonunua, na kila mtu aone kuwa lile ni bango.

Ila mpira wetu sasa una fedha ambazo baba zetu hawakuziota. Mkataba wa haki za matangazo na Azam Media uliosainiwa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Jina la ligi limeuzwa, mikono ya jezi imeuzwa. Na mbele yetu iko AFCON ya 2027 tuliyopewa pamoja na Kenya na Uganda, ambapo kila dakika itatafutiwa mnunuzi. Dakika ya kimya nayo ni dakika.

Nisikilizeni kuhusu Kariakoo, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Mechi kubwa kuliko zote nchini, Simba na Yanga, tunaiita Dabi ya Kariakoo. Jina hilo la mtaa limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi yake pale. Midomo ya watu wa Dar es Salaam ikalilainisha likawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba unga, risasi na majeruhi kwa miguu, kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwepo. Upande wa Waingereza peke yake walikufa watu wanaokadiriwa kuwa 95,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa. Wajerumani nao walikamata wapagazi wao vijijini, na hao hata hesabu ya kuaminika hawana.

Vita hivyo vilifika hadi kwetu. Oktoba 1917, Mahiwa, katika njia ya kutoka Lindi kuja Masasi, Waafrika wa Nigeria na wa King's African Rifles walipambana na Waafrika wa jeshi la Wajerumani kwa siku nne, na Waingereza wakapoteza watu wapatao 2,700 kwa kufa na kujeruhiwa. Mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na kikosi cha Kapteni Tafel kilichokuwa kinamfuata kikasalimu amri maeneo ya Newala. Ukisimama leo pale Shimo la Mungu, Newala, ukatazama bonde linavyoshuka hadi mtoni, unaiona nchi yote waliyoipita na mizigo kichwani. Hakuna ubao wenye majina yao. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao, maana waliandikishwa ovyo na wengine hawakuandikishwa kabisa.

Yaani watu walikufa bila kulipwa, jina lao tumeipa mechi yenye fedha nyingi kuliko zote nchini, na sijawahi kusikia kipaza sauti cha uwanja kikiwataja. Sasa siku tutakapoamua kuwataja, mtu fulani apokee malipo?

Mechi hiyo mara nyingi inachezwa katika uwanja wenye jina la mtoto wa kwetu. Hayati Rais Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, hapa Masasi, na watangazaji wakitaka kupamba maneno wanauita uwanja ule dimba la Lupaso. Alifariki usiku wa kuamkia 24 Julai 2020, siku moja kabla ya Siku ya Mashujaa, akazikwa nyumbani tarehe 29. Ndiye aliyesimamia kujengwa kwa uwanja huo wa watu 60,000, na ukapewa jina lake baada ya kifo chake. Kila ninaposikia "kwa Mkapa" redioni nafurahi kama mtu aliyetajiwa mlango wa nyumba yake. Ndiyo maana natamani jambo hili lianzie pale.

Huku kusini hatujifunzi vita kwenye vitabu. Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea, jirani zetu, na kuanzia 1964 hadi vita vya uhuru wa Msumbiji vilipokoma mwaka 1974 mto Ruvuma ulikuwa mpaka wa moto. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili. Wakimbizi walipovuka tulipokea shemeji na wajomba. Katika miaka ya 1980 vijana wetu wa JWTZ walivuka tena kwenda kuilinda Msumbiji, na wapo waliorudi kulala Naliendele, nje kidogo ya Mtwara, kwenye makaburi ya mashujaa. Oktoba 2020 wavamizi kutoka Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, waliingia kijiji cha Kitaya wakaua na kuchoma nyumba. Mwaka uliofuata askari wetu wakaenda Cabo Delgado pamoja na wenzao wa SADC. Na nani kasahau 7 Desemba 2017, Watanzania wasiopungua 14 walipouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, wakilinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa? Majeneza yaliposhushwa, mama mmoja jirani yangu ambaye hakuwa na mtoto jeshini alifunga genge lake siku hiyo. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna aliyempiga picha.

Najua klabu ni maskini. Tuliishi na Ndanda, Ndanda Kuchele, tangu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014 hadi iliposhuka mwaka 2020. Tunajua maana ya kusafiri kutoka Mtwara hadi Mwanza au Bukoba kwa basi, kucheza kesho yake, na kurudi bila posho. Angekuja mtu na milioni 20 akasema "tupeni dakika tatu tu za wazee wenye nishani", kiongozi wa klabu ya namna ile angekataaje? Asingekataa, na nisingemlaumu. Kwa hiyo kanuni lazima itoke kwenu, ili kiongozi mwenye njaa awe na karatasi ya kumwonyesha mwenye fedha.

Siku ya Mashujaa, 25 Julai, huangukia wakati ligi imefungwa. Lakini Ngao ya Jamii huja muda mfupi baadaye kufungua msimu. Iwekeni kumbukumbu hapo. Mabango ya umeme yazimwe kwa dakika chache, na televisheni isibandike nembo yoyote juu ya picha. Yasomwe majina machache kila mwaka, kwa zamu ya mikoa, ya waliokufa Kagera, Msumbiji, Darfur, Kongo, wanajeshi na mgambo. Na wapagazi, ambao majina yao yamepotea, watajwe kwa kazi yao. Wazee wakialikwa wakae jukwaa kuu kwa mashati yao wenyewe, warudishwe hadi nyumbani, na mzee akitaka kusema apewe kipaza sauti. Gharama ya mafuta na chakula itoke TFF na iandikwe wazi kwenye hesabu zenu. Zaidi ya hapo pasiwe na mkataba. Na siku ya Dabi ya Kariakoo, kabla timu hazijatoka vyumbani, mtangazaji wa uwanja awaambie watu, kwa sentensi mbili, jina hilo limetoka wapi.

Wizara ya Ulinzi nayo naiomba itamke hadharani kwamba haitailipa klabu yoyote kwa heshima ya askari, na haitaruhusu sare zake zitumike katika sherehe ya mdhamini. Ni rahisi kulitamka sasa, kabla mkataba wa kwanza haujasainiwa, kuliko kurudisha fedha baadaye kama walivyofanya NFL.

Fulana ile mjomba hajaivaa tena. Ameikunja na kuiweka sandukuni pamoja na nishani. Kila ligi inapokaribia kuanza hunipigia simu kutoka Newala kuniuliza kama mwaka huu watasoma majina, kwa kuwa analo moja, na yeye umri umekwenda. Mkinijibu, naomba mniandikie kwa maandishi makubwa. Nitapanda uwandani kumpelekea barua yenu aisome mwenyewe.

Wenu katika mpira,
Mpwa wa mgambo wa Newala,
Masasi