Mwenye ngazi ndiye mwenye bahari?

Kimya changu cha wiki iliyopita hakikuwa ugonjwa wala kufutwa kazi, kama baadhi yenu mlivyoniuliza. Nilikuwa Kilifi. Siku tatu tu, simu nimeizima, mhariri nimemdanganya kwamba huko mtandao ni wa taabu. (Akisoma hapa, basi tena.)

Kama hujafika Kilifi, nenda. Panda treni ya Nairobi mpaka Mombasa, kisha matatu ya kuelekea kaskazini, kilomita sitini hivi. Utajua umefika pale gari linapoingia darajani na abiria wote, hata waliokuwa wakikoroma, wanageuza shingo. Chini kabisa kuna mkono wa bahari, maji ya kijani, mashua zimetia nanga, na huku na huku magenge yamesimama wima. Si magenge ya wahuni, jamani, haya ni ya mawe: matumbawe ya kale, yaliyokua ndani ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko leo. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo ulisubiri kivuko, ukitaka usitake.

Sikufanya kitu cha maana. Asubuhi mahamri kwa mbaazi na chai ya rangi, mchana usingizi, jioni kupunga upepo juu ya genge. Siku moja nilikwenda Mnarani, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ambayo James Kirkman aliyachimbua miaka ya 1950. Nikakaa chini ya mbuyu mkubwa kuliko nyumba ninayopanga, nikitazama maji, nikajiambia wale wazee waliojua kuchagua mahali pa kujenga walituacha mbali sana.

Sasa tuje kwenye hasira yangu.

Siku ya pili nilitaka kuogelea. Bahari ninaiona, harufu yake iko puani, lakini nilitembea karibu saa nzima kando ya kuta sijaona pa kushukia. Ukuta, lango, ukuta, lango. Mlinzi mmoja, kijana mpole tu, akaniambia, "Ndugu yangu, huku hakuna njia. Ukitaka ufuo, ingia hotelini ulipe." Nikalipa. Ndiyo, mimi mwandishi wa makala kali nilitoa pesa, nikapewa utepe wa mkononi kama mgonjwa, nikashuka ngazi za saruji kwenda kuoga maji ambayo hakuna aliyeyatengeneza.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Safi sana. Lakini hebu iweke sheria hiyo chini ya genge uone. Kwenye ufuo tambarare, hata wakikufungia njia hapa, utaingilia kule mbali na kutembea mchangani mpaka utakapo. Kwenye genge, maji yakijaa yanapiga ukutani kwenye jiwe. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hufika karibu mita nne. Kwa hiyo sehemu yangu mimi mwananchi ni kipande cha mwamba kinachozama mara mbili kwa siku, na pa kukifikia ni ngazi ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo mali ya umma tunayojivunia.

Nimeshazisikia hoja. Usalama, wanasema. Wavuvi wameshuka magenge hayo usiku wa manane tangu enzi za mababu, leo ndio wamekuwa hatari? Uchafu, wanasema. Wekeni mapipa. Wawekezaji na ajira? Sina ugomvi na hoteli kuuza vitanda, samaki na bia. Iuze. Lakini njia ya miguu yenye upana wa mita mbili kati ya kiwanja na kiwanja haijawahi kumfukuza mgeni yeyote. Kaunti ibandike ramani mahali pa wazi, ioneshe njia za kufikia bahari ni zipi, iweke kibao na ngazi. Iliyomezwa na ukuta, ukuta uvunjwe.

Na sisi wa Nairobi tusijifanye tumepita tu. Tunashuka na mikoba yetu, tunalipa langoni bila kuuliza, tunapiga picha machweo, kisha tunarudi kusema Pwani ni "poa sana". Kila tunapolipa kimya kimya tunathibitisha kwamba lango lina haki ya kuwepo. Kijana aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka hapo hana pesa ya utepe, na wikendi yake haina bahari.

Asubuhi ya mwisho nilimkuta mzee mvuvi anapandisha nyavu. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu," nikamuuliza yeye hupita wapi. Akanionesha ufa kwenye mwamba, katikati ya kuta mbili, upana wa mtu mmoja na ndoo yake. Tukapanda pamoja taratibu, yeye mbele. Juu, mdomoni mwa njia, lori lilikuwa limemwaga mawe ya kujengea. Mzee akayazunguka bila kusema neno.