Msimwambie Msanii Arudi Jukwaani

Kila msanii anapochukua fomu ya kugombea ubunge, maneno ni yale yale. Anauza sura. Arudi jukwaani. Bunge si ukumbi wa burudani. Tuliyasikia Mbeya enzi za Sugu, tukayasikia Mikumi enzi za Profesa Jay, na Wahindi wamekuwa wakiyasema miaka mingi kuhusu waigizaji wao wa Bombay. Husemwa kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa, na wanaoyasema hujiona ndio walinzi wa heshima ya Bunge. Mimi nasema ni dharau tupu, na wa kuwaumbua ni mtu ambaye wazazi wetu walimfahamu vizuri kwenye majumba ya sinema: Sunil Dutt.

Alizaliwa mwaka 1929 wilaya ya Jhelum, Punjab, sehemu ambayo leo ni Pakistan, na wazazi wake walimwita Balraj. Alifiwa na baba akiwa na miaka mitano. India ilipogawanywa mwaka 1947, familia yake ya Kihindu ilijikuta upande wa pili wa mpaka, majirani wakichinjana. Aliyewanusuru alikuwa Mwislamu, rafiki wa marehemu baba yake. Siasa ya Sunil Dutt ilianzia hapo, miaka 37 kabla hajaomba kura kwa mtu yeyote, na asiyelijua hilo hawezi kuielewa hata kidogo.

Sinema ilikuja baadaye. Alikuwa mtangazaji wa Radio Ceylon, kisha mwaka 1955 akapata filamu yake ya kwanza, Railway Platform. Miaka miwili baadaye mwongozaji Mehboob Khan alimpa nafasi ya Birju katika Mother India, yule kijana aliyegeuka jambazi na hatimaye akapigwa risasi na mama yake mwenyewe. Mama huyo aliigizwa na Nargis, ambaye kwa umri alikuwa rika la Sunil. Walipokuwa wakipiga picha kijijini Gujarat, majani makavu yaliyowashwa kwa ajili ya tukio moja yaliwaka kupita kiasi na moto ukamzingira Nargis. Sunil alijitosa ndani akamtoa, naye akaungua. Mwaka 1958 walioana, yeye Mhindu na Nargis aliyelelewa Kiislamu, wakati damu ya mgawanyo bado haijakauka mioyoni mwa watu.

Umaarufu alikuwa nao, basi. Aliufanyia nini? Baada ya vita vya India na China vya mwaka 1962, yeye na mkewe walikusanya wasanii wenzao wakaenda mpakani kuwatumbuiza askari. Nargis alipofariki kwa saratani ya kongosho Mei 1981, aliunda taasisi kwa jina lake ili kuzipatia hospitali za India vifaa vya kutibu ugonjwa huo. Alikuwa hajawa mbunge wakati huo, na wala hakukuwa na kampeni.

Mwaka 1984 chama cha Congress kilimsimamisha Bombay Kaskazini Magharibi dhidi ya Ram Jethmalani, wakili aliyevuma India nzima na aliyekuwa akikishikilia kiti hicho tangu mwaka 1977. Sunil alishinda. Wakosoaji wana jibu lao: mwaka ule waziri mkuu Indira Gandhi alikuwa ametoka kuuawa, Congress ikazoa viti zaidi ya 400 kwa huruma ya wananchi, hata jiwe lingepita. Sawa. Lakini mwaka 1989 Congress ilianguka nchi nzima na kuondolewa madarakani, na Sunil Dutt akabaki na kiti chake. Huruma gani ilimbeba safari hiyo?

Katikati ya chaguzi hizo mbili alifanya jambo ambalo sijamwona wakili wala mwanauchumi akilifanya. Mwaka 1987 Punjab ilikuwa ikiwaka moto, Masingasinga wenye silaha wakipigania taifa lao na watu wakiuawa kila uchao. Sunil Dutt aliondoka Bombay kwa miguu, akiwa na binti yake Priya, akatembea kilomita zipatazo 2,000 hadi Hekalu la Dhahabu kule Amritsar kuomba amani. Safari ilichukua siku 78, karibu miezi mitatu ya barabara za India, jua na vumbi. Waliosema ni maigizo wajaribu kutembea hata theluthi yake.

Wapo wanaonitajia waigizaji wengine, kama Amitabh Bachchan, aliyeingia bungeni mwaka huo huo wa 1984 na kujiuzulu 1987 muhula haujaisha. Wananitajia Dharmendra, mbunge wa Bikaner aliyelalamikiwa kwa utoro. Siwatetei hao. Ninachohoji ni hesabu inayopigwa. Mwanasheria akiharibu, tunasema fulani ameharibu. Mfanyabiashara akigeuza ubunge duka lake, tunalitaja jina lake yeye peke yake. Msanii mmoja akishindwa, wasanii wote wamehukumiwa, pamoja na wale ambao hawajazaliwa.

Desemba 1992 msikiti wa Babri ulibomolewa Ayodhya, na ghasia zikaikumba Bombay hadi Januari. Watu wapatao 900 waliuawa, wengi wao Waislamu. Congress ilitawala Delhi na ilitawala Maharashtra, jimbo lenye Bombay. Polisi walikuwa chini yake. Sunil Dutt alishughulika na wahanga, akatukanwa na kutishwa kwamba anawapendelea Waislamu, na alipoona serikali ya chama chake mwenyewe imeshindwa kuwalinda raia, aliwasilisha barua ya kujiuzulu ubunge. Nawauliza wanaolinda heshima ya Bunge: wanasiasa wangapi wa kitaaluma wa Congress walifanya hivyo?

Miezi michache baadaye, Aprili 1993, mwanawe Sanjay alikamatwa kwa kosa la kumiliki silaha, katika kesi iliyohusiana na mabomu yaliyolipuka Bombay mwezi Machi. Baba aligonga kila mlango, hadi wa Bal Thackeray, kiongozi wa Shiv Sena, chama kilichotuhumiwa kuchochea ghasia zile zile. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Waislamu aliowasimamia walikuwa na haki ya kuumia zaidi. Anayetaka kumkosoa Sunil Dutt aanzie hapo, nitakaa nimsikilize, maana huko ni kumpima mtu kwa alichokifanya. Lakini kosa hilo ni la baba aliyeona mwanawe anapotea. Kamera haihusiki.

Hakugombea mwaka 1996 wala 1998. Aliporudi mwaka 1999 wapiga kura walimpa kiti chake, wakampa tena mwaka 2004, mara ya tano, na waziri mkuu Manmohan Singh akamteua kuwa waziri wa vijana na michezo. Alifariki Mei 25, 2005 akiwa bado kwenye wadhifa huo. Mwenye kudai kwamba watu wale walihadaiwa na sura ya sinema kwa miaka 20 awaendee huko huko mitaani kwao Bombay, Mumbai ya leo, awaambie usoni kwamba hawakujua wanamchagua nani.